Mchezaji Anayetafutwa na Kila Kikosi

Mwaka 2014 kampuni ya Blizzard ilianza kuuza njia ya mkato katika gemu lake la World of Warcraft. Ulilipa dola 60 za Marekani, na mhusika wako akapanda papo hapo hadi leveli 90, kilele cha wakati ule. Safari iliyowachukua wengine majuma mengi ikaisha kwa kubonyeza kitufe. Tangu siku hizo, ukikutana na mhusika mwenye leveli kubwa na mavazi yanayong'aa, jambo moja tu umelijua kwa hakika: mwenyewe ana muda, au ana pesa. Kama anajua kucheza, hilo utalijua mtakapoingia pangoni pamoja.

Nauandika mwongozo huu kwa ajili yako unayecheza magemu haya ya mtandaoni, ambamo maelfu ya watu wanaishi katika dunia moja, kila mmoja na mhusika wake, na unataka kuwa hodari kweli. Ninachokiamini nakisema mapema. Katika magemu haya, hodari ni yule ambaye akiwepo, kazi ya wenzake inakuwa nyepesi. Vidole vyepesi vinasaidia na silaha nzuri zinasaidia, lakini magemu haya yameundwa makusudi ili mtu mmoja asifike mbali. Usipolielewa hilo utacheza miaka na bado utabaki mtu wa kuitwa pale tu anapokosekana mwingine.

Kwanza chagua gemu ambalo chombo chako na bando lako vinalimudu. World of Warcraft linataka kompyuta na nafasi kubwa ya diski. Final Fantasy XIV nalo ni zito, ila lina toleo la kujaribu bila malipo ambalo tangu Oktoba 2023 linakufikisha leveli 70, na hapo umeshacheza saa nyingi sana. Kama ulicho nacho ni simu tu, usijione umetengwa. Old School RuneScape limo kwenye simu tangu Oktoba 2018, Albion Online tangu 2021, na katika yote mawili wa simu na wa kompyuta wanakutana katika dunia ileile.

Sasa tuje kwenye ustadi wenyewe. Wa kwanza ni kutazama, na huu unaweza kuufanyia mazoezi peke yako.

Katika Old School RuneScape, upande wa wanaolipia uanachama, kuna pango liitwalo Fight Caves. Unaingia peke yako, unakabili mawimbi 63 ya madubwana, na wimbi la mwisho ni la Jad, bosi wa pango, yaani adui wake mkuu. Pigo lake moja linaweza kukuondolea uhai 97, wakati mhusika aliyefika kilele ana 99. Hakuna vazi litakalokuokoa hapo. Kinachookoa ni sala: ipo inayozuia uchawi wake na ipo inayozuia makombora yake, na huwezi kuwasha zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo lazima ujue anakuja na lipi kabla pigo halijafika. Na Jad anakuonyesha. Akitaka kutumia uchawi, anainuka, miguu ya mbele inaning'inia hewani, kisha moto unatoka. Akitaka kukurushia jiwe, anaikita miguu ya mbele ardhini kwa kishindo. Anapiga takriban kila sekunde 5, na hafuati mpangilio wowote unaoweza kuukariri.

Ukimudu hapo, mtihani wa pili unakuja Jad akifika nusu ya uhai wake. Wanatokea viumbe wanne wanaomtibu. Wachezaji wengi hufia hapa. Macho yanawakimbilia wale wanne, mkono unaanza kuwawinda mmoja mmoja, Jad anainuka, na hakuna anayemwangalia. Mchezaji anakufa akiwa na chakula tele mfukoni na saa nzima ya kazi nyuma yake.

Ushauri wangu ni huu. Mara ya kwanza ukimfikia Jad, usiwe na haraka ya kumpiga. Simama mbali naye, tazama miguu yake, badilisha sala. Inuka, uchawi. Kishindo, jiwe. Fanya hivyo mpaka mkono uwe unabadilisha bila wewe kufikiri, ndipo uanze kushambulia kati ya pigo na pigo. Wale wanne wakija, mpige mmoja pigo moja ili akugeukie wewe, kisha rudisha macho kwa Jad kabla ya kumgusa wa pili.

Tabia hiyo ya macho utaibeba kwenda kokote. Katika Final Fantasy XIV ardhi huchorwa rangi ya machungwa pale pigo linapokwenda kutua. Katika World of Warcraft sakafu huwaka. Wanaokufa mara kwa mara huwa wanatazama vitufe vyao wakisubiri uchawi urudi. Ili macho yawe huru, vidole lazima vijue njia. Miji ya World of Warcraft ina masanamu ya mazoezi. Simama hapo, panga uchawi unaoutumia sana kwenye vitufe vilivyo karibu na kidole, na upige mpaka uweze kuzungumza na mtu huku ukipiga kwa mpangilio sahihi. Weka uchawi wa kumkatiza adui na uchawi wa kujikinga mahali unapoweza kuufikia ukiwa umeshtuka. Wachezaji wengi huvificha vitu hivyo viwili pembeni kwa sababu havitumiki kila sekunde, kisha siku vinapohitajika wanavitafuta kwa macho.

Ustadi wa pili ni kujua jukumu lako na la mwenzako. Magemu mengi ya aina hii yana majukumu matatu. Tanki anasimama mbele na kumshika adui ili ampige yeye. Mponyaji anawarudishia watu uhai. Washambuliaji wanaua. Wepesi wa maelezo haya unadanganya, maana kinachoyaunganisha hakionekani kwenye kioo: adui ana hasira, na hasira hiyo inahesabiwa. Kila pigo linaongeza hasira dhidi ya aliyepiga. Na katika World of Warcraft ya zamani, ambayo sasa inachezwa kwa jina la Classic, hata tiba inaongeza hasira, takriban nusu ya kiasi kilichotibiwa, na hasira hiyo inagawanywa kwa maadui wote waliomo vitani. Ndiyo maana mponyaji mwenye huruma nyingi, anayemtibu tanki kabla tanki hajagusa adui hata mmoja, hujikuta amezungukwa na kundi zima. Na ndiyo maana mshambuliaji mwenye pupa, anayefyatua uchawi wake mkubwa sekunde ya kwanza, hufa wa kwanza na kumlaumu mponyaji.

Mpe tanki nafasi. Sekunde 3 au 4 za kusubiri zinabadilisha pambano zima. Kama wewe ndiye tanki, geuza uso wa bosi mbali na wenzako tangu mwanzo, kwa sababu madubwana mengi hupuliza moto au kufagia kwa mkia, na mpangilio wa wapi kila mtu asimame unatoka kwako. Na hata kama moyo wako uko kwenye ushambuliaji, jaribu uponyaji kwa wiki chache. Ukishashika uhai wa watu watano mkononi, ukaona mmoja wao amesimama ndani ya moto kwa kuwa hataki kupoteza pigo moja, hutasimama ndani ya moto tena.

Kipimo halisi ni pale watu wanapokuwa wengi. Mchukue Baron Geddon, bosi wa moto katika shimo la Molten Core. Shimo hili lilikuja na World of Warcraft mwaka 2004 na likarudi katika Classic mwaka 2019, kwa hiyo bado unaweza kwenda kujionea. Mnaingia watu 40. Geddon ana mambo matatu. Husimama akalipua moto mfululizo kuzunguka mwili wake, na wanaopigana naye kwa karibu lazima warudi nyuma. Huwatia baadhi yenu uchawi unaounguza mana, ile nguvu ya kufanyia uchawi, na wenye uwezo wa kuuondoa lazima wauondoe haraka. La tatu, ambalo ndilo linalomaliza vikosi, humgeuza mchezaji mmoja kuwa bomu. Baada ya sekunde chache bomu linalipuka, linamrusha mwenyewe juu hewani na kuwaumiza vibaya wote walio karibu naye.

Tazama watu wawili waliopata bomu hilo. Wa kwanza yumo katikati ya uchawi mrefu, anaona alama ikiwaka juu ya jina lake, anajiambia amalize kwanza pigo hili. Analimaliza. Sasa muda umekwisha, anashikwa na hofu, na kwa kuwa anataka kuponywa anawakimbilia waponyaji. Analipukia katikati yao. Waponyaji watatu chini, tanki hana wa kumtibu, na dakika moja baadaye watu 40 wanatembea kama mizuka kurudi kwenye miili yao.

Wa pili aliuliza swali moja kabla ya pambano kuanza: mwenye bomu anakimbilia wapi? Alama inapowaka anakatiza uchawi wake katikati, anapita njia isiyo na mtu, anafika ukutani, analipuka peke yake. Anaanguka, na kuanguka nako kunaumiza, kwa hiyo alishahakikisha njiani kwamba ana uhai wa kutosha. Anarudi mahali pake na kuendelea. Kikosi hakimwoni kabisa. Huyo ndiye mchezaji ninayemwita hodari.

Sasa angalia jinsi vipimo vinavyomdhulumu. Wachezaji wengi hutumia programu ndogo inayoonyesha nani amepiga kiasi gani, na majina hupangwa kuanzia juu. Yule wa kwanza aliyeua waponyaji watatu anaweza kuwa juu ya yule wa pili, maana hakupoteza pigo. Vivyo hivyo kwa anayemkatiza adui. Mashujaa wengi wana namna yao: jambazi ana Kick, mchawi ana Counterspell, mpiganaji ana Pummel. Adui anapoanza uchawi wa kuwaponya wenzake au kuua kikosi, mmoja wenu lazima amkatize ndani ya sekunde moja au mbili. Kazi hiyo haikupandishi hata nafasi moja kwenye orodha ya mapigo, ilhali bila hiyo hakuna anayebaki hai kupiga. Pangeni zamu: wa kwanza huyu, wa pili yule. Wote mkikatiza kwa pamoja uchawi mmoja, ule unaofuata hauna wa kuukatiza.

Kwa hiyo ukitaka kujipima, anza na vifo vyako. Tovuti ya Warcraft Logs huhifadhi kumbukumbu za mapambano, na ndani yake unaweza kuona kila kifo, kilisababishwa na nini, na katika sekunde za mwisho ulipigwa na kipi. Fungua kifo chako mwenyewe kwanza. Je, ulipigwa na kitu cha kukwepa? Ulikuwa na kinga ambayo hukuitumia? Kisha tafuta mchezaji mzuri wa aina ya mhusika wako katika pambano hilohilo, uangalie alifanya nini dakika ileile. Hayo ni masomo bora kuliko video yoyote ya kujisifu. Namba za mapigo ziangalie mwishoni, baada ya kuacha kufa.

Nizungumzie mtandao, kwa sababu kwetu Afrika Mashariki hili lina uzito wake. Anayecheza World of Warcraft akiwa Dar es Salaam au Nairobi huwa kwa kawaida kwenye seva za Ulaya, na amri yake hupita kwenye nyaya za baharini kwenda na kurudi. Safari hiyo, wachezaji huiita pingi, mara nyingi huchukua milisekunde 150 au zaidi. Huwezi kuifuta, lakini unaweza kucheza ukijua ipo. Old School RuneScape linahesabu matendo kila sekunde 0.6, kwa hiyo kuchelewa kwa milisekunde 150 hakukutupi mbali sana na wa London. World of Warcraft hukuruhusu kubonyeza uchawi unaofuata kabla uliopo haujaisha, kwa kawaida milisekunde 400 kabla, na gemu linaupanga foleni. Jizoeshe kubonyeza mapema badala ya kusubiri kitufe kiwake. Katika Final Fantasy XIV, mstari wa uchawi wa bosi ukishajaa, seva imeshaamua nani yumo ndani ya eneo la pigo, hata kama mlipuko wenyewe hujauona bado. Toka mapema. Aliye mbali na seva lazima atembee kabla ya wenzake.

Zima masasisho ya simu zote nyumbani zinazotumia mtandao uleule. Weka simu yenye bando tayari kwa siku ambayo umeme utakatika, na mwambie kiongozi wa kikosi kabla ya pambano kwamba hilo linaweza kutokea. Kiongozi anayejua atampanga mtu wa kushika nafasi yako. Asiyejua atadhani umewatoroka.

Na saa. Vikosi vingi vya Ulaya huanza saa 2 usiku kwa saa za Ulaya ya kati. Wakati wa kiangazi chao hiyo ni saa 3 usiku kwetu, na wakati wa baridi ni saa 4. Mapambano yanayochukua saa tatu yatakutoa saa 6 au saa 7 usiku, na wewe una kazi au shule asubuhi. Pima kabla ya kuahidi. Anayekuja siku moja kwa wiki lakini haikosi ana thamani kuliko anayeahidi siku nne akatokea mbili.

Hapo tumeshaingia kwenye chama, yaani kundi la kudumu la wachezaji, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wenye vidole vya ajabu wakiharibikiwa. Chama kina kumbukumbu. Kinakumbuka nani alichukua upanga kisha akahama siku ya pili. Ugomvi wa mali ni wa zamani kama magemu yenyewe. Wachezaji wa EverQuest, lililotoka mwaka 1999, walibuni mfumo wa pointi za kuua madragoni ili mali igawiwe kwa kazi ya mtu badala ya sauti yake. Kabla ya kujiunga na chama chochote, uliza mali inagawiwaje, na ukikubali, usinung'unike zamu isipokuwa yako.

Na mtu wa kumtaka chamani huonekana mambo yakiharibika. Mwezi Septemba 2005 World of Warcraft lilikumbwa na kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Bosi Hakkar, wa Zul'Gurub, alikuwa na ugonjwa wa damu wa kuambukiza uliokusudiwa ubaki humohumo ndani. Wanyama wa wachezaji wakautoa nje, ukaenea mijini, na wahusika wa leveli ndogo wakawa wanakufa barabarani. Watafiti Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika juu yake mwaka 2007 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases, wakitazama jinsi watu walivyoitikia. Wapo waliokimbia mji. Wapo walioubeba makusudi kuwaambukiza wengine. Na wapo waponyaji waliobaki wakitibu watu wasiowajua, bila malipo wala mali ya kugawana. Kama ningekuwa naunda kikosi mwaka ule, ningeanzia kwa hao wa mwisho, hata kabla ya kutazama silaha zao.

Kwenye sauti, sema machache yenye kazi: nani, wapi, nini. "Bomu kwangu, naenda kushoto" inatosha. Washa kipaza sauti kwa kubonyeza tu, maana kelele za nyumbani zinafunika amri za kiongozi. Mkishindwa, usitafute wa kumlaumu hewani. Sema ulichokiona na unachopendekeza. Final Fantasy XIV lina utaratibu mzuri: mkimaliza pango, kila mmoja anaweza kumpa mwenzake mmoja sifa, na kila sifa inahesabiwa. Zitoe kwa tanki aliyekuwa mgeni na akajitahidi.

Kuhusu akaunti nitakuwa mfupi. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo. Usinunue dhahabu kwa watu wa pembeni. Ni kinyume cha kanuni, akaunti hufungwa, na mara nyingi dhahabu hiyo imeibwa kwa mchezaji mwingine. Usimpe mtu neno la siri hata akisema anatoka kwenye kampuni.

Basi kazi yako ya wiki hii ni ndogo. Chagua jukumu moja ulishike msimu mzima. Soma mabosi watatu wa kwanza wa shimo unalolitaka, ujue kwa kila mmoja ni kipi kinaua na wewe unasimama wapi. Kisha mwandikie kiongozi wa chama ukweli mtupu: wewe ni mgeni, unacheza uponyaji, umewasoma hao watatu, uko huru Jumatano na Alhamisi, na mtandao wako unachelewa kidogo. Wakikukubali, ingia dakika 10 kabla ya muda, dawa na chakula vikiwa vimeshanunuliwa, na uulize mwenye bomu anakimbilia wapi.